Mkia wa Msafara

Leota Brandvold alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la nyuma la gari lake akitoa upepo, lakini macho yake hayakuwa kwenye tairi. Yalikuwa kwa mumewe, upande wa pili wa uwanja, ambaye naye alikuwa amechuchumaa kwenye tairi lake. Klabu nzima ya magari ya mlimani ilikuwa imechuchumaa vivyo hivyo asubuhi ile, na uwanja wote ulikuwa unafoka. Mlima Lantry haupandwi na matairi yaliyojaa. Yatadunda juu ya mawe yakutupe korongoni, na huko chini hakuna wa kukuokota ila kunguru.

Orrin alimaliza tairi la mbele, akalipima, akaridhika. Alisimama, akanyoosha mgongo, akatazama mlima ulivyogeuka dhahabu kwa majani ya miti ya miaspeni. Kisha akachuchumaa tena kwenye tairi lilelile, akalifungua upya.

Leota aliacha kila kitu akamwendea.

"Hilo tayari, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Lipi?"

"Hilo. Umeshalipunguza."

Orrin alilitazama tairi, ambalo sasa lilikuwa limelala chapati. "Najua," alisema. "Nilikuwa nahakikisha tu."

Leota akachukua pampu, akalirudishia upepo huku amelikinga kwa mwili wake, watu wasione. Lakini Merle Ostrander hapitwi na kitu. Alikuwa fundi magari mstaafu, rafiki wa Orrin tangu wote wawili wakiwa na meno ya utoto, na alikuja na kikombe chake cha kahawa mkononi.

"Shemeji, vipi tena? Wenzenu tunatoa, nyinyi mnajaza? Hilo gari la mzee lina umri mkubwa kuliko kanisa letu, mwambie alizike."

"Na ndilo linalokuvuta wewe kila mwaka," Leota alimjibu bila kuinua kichwa. "Mwaka jana nani alikaa kwenye tope mpaka kiunoni akimwita mama yake?"

"Aa, hayo si tulishasameheana!"

"Sisi tulikusamehe. Tope ndilo halijakusahau."

Merle akacheka akaenda zake. Leota akashusha pumzi.

Mficha maradhi, wanasema, kilio kitamfichua. Leota alikuwa mwanamke mwenye akili zake timamu, hesabu za nyumba hazijawahi kumpiga chenga, lakini katika jambo hili alijidanganya kama mtoto mdogo. Tangu theluji za mwaka jana zilipoyeyuka alijua kwamba akili ya mumewe inamtoroka. Daktari alishasema jina la ugonjwa. Kristi, binti yao aliyeko Denver, alishapiga simu akilia: "Mama, mnyang'anye funguo za gari. Leo, si kesho." Leota akamjibu kwamba atamnyang'anya, ila kwanza amwachie msafara mmoja. Huu wa majani kupukutika, wa mwisho kabla halmashauri haijafunga lango la mlima kwa majira ya baridi. Auongoze mara moja tena, watu wamwone mbele kama walivyomwona miaka yote, halafu funguo zitapotea kimyakimya, na hakuna atakayejua kwamba Orrin Brandvold alianguka. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Angeweza kuketi naye gari moja. Alilifikiria sana. Lakini Leota ndiye mkia, dereva wa mwisho anayefunga msafara, na mkia hahami. Angeliacha gari lake akapanda la mumewe, klabu nzima ingeuliza kuna nini. Basi akamwacha aende peke yake mbele, yeye akakaa nyuma kabisa, magari ya watu yote katikati yao. Akajipa moyo kwamba mikono ya Orrin inaijua njia hata kama kichwa hakiijui.

Msafara ukaondoka.

Watu wasioijua michezo hii hudhani ni ya vijana wenye kelele na magurudumu makubwa. Wapo wa namna hiyo, Mungu awasaidie, na kila mwaka tunamtoa mmoja wao mtaroni. Lakini klabu ya Lantry ni watu wa makamo na wazee, wanaokwenda polepole kuliko punda, wanaosimama kumpisha anayepanda, na ambao hawaachi hata ganda la yai mlimani. Na wana sheria moja ambayo mtu akiivunja mara mbili haalikwi tena: kila dereva ni mlinzi wa aliye nyuma yake. Ukifika njia panda, unasimama. Huondoki mpaka umemwona wa nyuma yako kwa macho yako. Na kiongozi, akifika mahali pakubwa, haondoki mpaka mkia aseme kwenye redio ya upepo kwamba wote wamepita.

Sheria hiyo aliitunga Orrin. Zamani, mkia alikuwa mwingine, bwana mmoja mwenye haraka zake, na siku moja alisema wote wamepita bila kutazama. Nyuma ya kona alikuwa amebaki Vance Tolliver na gari lililozima. Walimpata kesho yake asubuhi, yu hai, lakini vidole vya miguu alivipoteza kwa baridi. Jumapili iliyofuata Orrin aliwakusanya watu, akamvua yule bwana kitambaa chekundu cha mkia, akaenda kukifunga kwenye gari la mke wake.

"Kwa nini mimi?" Leota alimuuliza.

"Kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia mke wa mchungaji kwamba pai yake haijaiva," Orrin alisema. "Mbele ya mchungaji. Mtu huyo hawezi kudanganya kwenye redio."

Watu walicheka sana siku ile. Lakini toka hapo Leota hakuwahi kusema "wote wamepita" pasipo kuwapitisha wote mbele ya macho yake, mmoja mmoja, hata mvua ikinyesha, hata akiwa na homa. Na wale walio mbele walizoea kuliamini neno lake kuliko hali ya hewa ya redioni.

Na nafasi ya pili, nyuma ya kiongozi, ilikuwa ya Tate.

Tate alikuwa kifungua mimba wao. Alianza kupanda mlima ule akiwa amefungwa kwenye kiti cha mtoto, akapata gari lake la buluu kabla hajaota ndevu, na akakaa nyuma ya baba yake misimu yote. Kwenye mawe hakuwa na mfano. Ungemwona anavyoliteremsha gari kwenye ngazi za mwamba, mkono mmoja dirishani, ungedhani analaza mtoto. Halafu siku moja ya kawaida, mchana kweupe, kwenye barabara kuu iliyonyooka kama rula, dereva wa lori alisinzia. Mtoto aliyekulia kwenye mawe akauawa na lami. Leota alikuwa hajaisamehe lami mpaka leo, na wala sidhani kama alikuwa na mpango wa kuisamehe.

Mwezi wa sita mwaka huu Orrin aliuliza wakati wa chakula, "Tate mbona haji siku hizi?" Leota akamwambia ukweli, kwa upole, amemshika mkono. Orrin alilia siku nzima kama mtu aliyepigiwa simu saa ileile. Kesho yake, wakati wa chakula, akauliza tena. Leota alimtazama, akaona kwamba atakuwa anamuua yule kijana mbele ya baba yake kila siku. Akajibu, "Yuko kazini." Tangu hapo Tate alikuwa kazini.

Msafara ulipanda vizuri. Njia ilipita kwanza katikati ya miaspeni, na majani yalikuwa yanaanguka juu ya vioo na kung'ang'ania hapo, manjano, yamelowa. Redioni watu walikuwa wanataniana. Darla, mke wa Merle, alikuwa anamshitaki mumewe kwa wote kwamba amekula mayai yote ya pikiniki kabla hata ya daraja. Merle akasema hayo si mayai, ni mafuta ya injini yake. Kila baada ya muda sauti ya Orrin ilisikika, tulivu, ya kiongozi: "Jiwe kubwa kushoto. Bana kulia." "Maji kwenye kivuko, hayajapita magoti." Kila alichokisema kilikuwa sahihi. Leota huko nyuma alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa, na taratibu mabega yake yakaanza kushuka. Akathubutu hata kujimwagia kahawa.

Wakatoka kwenye miti. Juu ya miti mlima ni mawe matupu, na njia imechongwa ubavuni: ukuta upande huu, upande ule hewa. Gari moja ndiyo nafasi yake. Huwezi kupita wa mbele yako, wala huwezi kugeuza. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka kaskazini, ya rangi ya bati. Utabiri ulisema theluji itaanguka usiku, lakini theluji ya Lantry haisomi utabiri.

Orrin alifika juu kabisa, kwenye njia panda. Ya kulia inateremka hadi kwenye uwanda wa nyasi ambako huwa wanapika maharage na nyama. Ya kushoto inakwenda kwenye mgodi wa zamani wa fedha, na imekatika. Ukishaishika hakuna pa kugeuzia mpaka ufike palipobomoka. Alisimama hapo kama sheria inavyotaka. Nyuma yake magari yakasimama moja moja ubavuni. Leota aliwasubiri wote wamalize ngazi za mwamba, akamwona wa mwisho anasimama mbele yake, akachukua redio.

"Mkia hapa. Wote wamepita."

Sauti ya Orrin ikaja: "Bado. Sijamwona wa pili."

Merle akaingia, anacheka. "Mzee, mimi si huyu hapa? Nakuona hadi upara."

"Nakuona wewe, Merle. Wewe si wa pili. Wa pili ni Tate."

Leota alisikia kahawa ikimmwagikia gotini, na hakuisikia kuwa ni ya moto.

"Tate yuko wapi?" Orrin aliuliza, kwa sauti ileile tulivu. "Gari la buluu. Nani alimwona mara ya mwisho?"

Karibu wote walihudhuria mazishi yake. Merle ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele.

"Basi tunasubiri," Orrin akasema. "Hakuna anayeondoka hapa."

Chembe ya kwanza ya theluji ikatua kwenye kioo cha Leota.

Aliteremka gari. Hapakuwa na njia nyingine ila kutembea, akijibana kati ya magari na ukuta wa mwamba, gari baada ya gari, mpaka mbele. Katika kila dirisha alikuta uso unaomtazama. Watu aliokuwa amewaficha kwa miezi walimwona sasa anavyopita, na hakuna aliyeuliza kitu, na hilo la kutouliza lilimchoma kuliko maswali. Kijana mmoja wa msimu huu, aliyekuja na mke mjamzito, alishusha kioo akanong'ona, "Mama Brandvold, theluji ikizidi tutaweza kuteremka hapa?" Leota akampigapiga begani. Jibu alilijua: ikishika kwenye yale mawe ya mteremko wa kulia, hapana.

Orrin alikuwa ameketi mikono kwenye usukani, amevaa kofia yake ya sufi, ametulia kabisa. Alimwona Leota akafurahi.

"Afadhali umekuja. Tate kakwama wapi?"

"Orrin, hali ya hewa inabadilika. Sogea, mimi niendeshe, tushushe watu."

Alimkazia macho. "Unanishangaza, bibiye. Tuondoke, mtu yuko nyuma?"

"Hakuna mtu nyuma."

"Umetazama?"

"Orrin, mpenzi wangu. Tate..."

Akaishia hapo. Aliuona uso wa mumewe ukimngoja, wazi, na alikumbuka ule mwezi wa sita. Akiusema ukweli hapa, ubavuni mwa mlima, na injini imewaka, na korongo hatua mbili kutoka kwenye gurudumu, atakuwa amemwachia usukani mtu aliyetoka kufiwa. Na asipousema, watakaa hapa wote mpaka wafunikwe. Alisimama hapo theluji ikimwangukia mabegani, mwanamke mmoja na mambo mawili yote mabaya.

"Wewe ndiye mkia," Orrin alimwambia, bila ukali, kama anayemkumbusha mtu jina lake. "Unafanya nini mbele? Rudi nyuma ukamwangalie. Ukimwona, niambie. Neno lako linanitosha."

Merle alikuwa ameshashuka. Alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, mzee mzima macho yamemjaa maji.

"Shemeji, kwa nini hukusema?"

"Tutagombana baadaye, Merle. Panda ukae naye. Darla ataendesha lenu. Akiondoka hapa njia panda, hakikisha anashika kulia."

"Nikishindwa?"

"Vuta breki ya mkono umkumbatie."

Merle akaenda akafungua mlango wa abiria. "Mzee, nimefukuzwa na mke wangu kwa ajili ya mayai. Una nafasi?" Na Orrin akacheka, akamwondolea themosi ya kahawa kwenye kiti.

Leota akarudi. Njia ilikuwa ndefu kuliko alivyokuja, na mawe yalishaanza kuteleza. Alipofika kwenye gari lake hakuingia. Alipita mpaka nyuma yake, akasimama mahali msafara unapoishia, akatazama. Mume wake alikuwa amemwambia akaangalie, naye hakuwahi kusema neno lile bila kuangalia. Chini yake njia ilijipinda ukutani, ikapotea kwenye kona, ikatokea tena mbali kule miti inapoanzia. Hakukuwa na kitu. Theluji ilikuwa inajaza alama za matairi yao wenyewe. Alisimama akiwa na hakika kabisa kwamba hakuna gari la buluu linalopanda, na hata hivyo alingoja, kwa sababu alitaka lije. Alilitaka kwa mwili mzima. Kama lingechomoza kwenye kona ile asingeshangaa hata kidogo, angesema tu, mwanangu, umechelewa, baba yako ana wasiwasi.

Halafu akaingia garini, akachukua redio, na kidole chake kikagoma kubonyeza. Si uongo wa nyumbani huu, wa mezani, wa kumpoza mgonjwa ale. Hapa watu walikuwa wanasikiliza. Vance Tolliver alikuwa anasikiliza, gari la sita, na viatu vyake vilivyojazwa pamba mbele.

Akabonyeza.

"Mkia hapa," alisema. "Tate amepita. Wote wamepita."

Hakuna aliyempinga. Redio ilikaa kimya, na katika kimya kile Leota alisikia watu wote wakiubeba uongo wake pamoja naye.

"Asante, mkia," Orrin akasema, na furaha ilikuwa wazi kwenye sauti yake. "Tunaondoka. Gia nzito, breki msiguse. Kulia hapa."

Kulia. Leota alilaza kipaji cha uso kwenye usukani.

Waliteremka. Orrin aliwashusha kama alivyowashusha siku zote, jiwe kwa jiwe, na sauti yake ilikuja mbele ya kila hatari. Kijana mwenye mke mjamzito aliteleza mara moja, Orrin akamwambia aachie usukani utembee wenyewe, akaachia, gari likajinyoosha. Merle alisimulia baadaye kwamba hakulazimika kusema hata neno. Alikaa tu amejishika, rafiki yake akifanya kazi, na muda wote, kila penye nafasi, Orrin alitupa jicho kwenye kioo cha nyuma.

Mkia hufika mwisho. Leota alipotokeza kwenye uwanda, theluji ilikuwa imegeuka mvua nyembamba na magari yote yalikuwa yamepangwa kwenye nyasi. Watu walikuwa wametoka nje, lakini hakuna aliyewasha jiko. Walisimama makundi makundi, wameipa njia mgongo kwa adabu. Orrin peke yake ndiye alikuwa amesimama mdomoni mwa njia, mikono mfukoni, mvua inamchuruzika kofiani.

Leota akazima gari, akashuka.

Orrin hakumtazama yeye. Alitazama nyuma ya gari lake, njiani, kwa muda mrefu. Kisha akakitazama kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye waya wa redio.

"Wewe ndiye mkia," alisema.

"Ndiyo."

"Nyuma ya mkia hakuna mtu."

"Hakuna."

"Na haya magari nimeyatazama moja moja. La buluu halimo." Uso wake ulikuwa unafanya kazi ngumu, kama mtu anayeinua mzigo mzito kuliko yeye. Leota hakuthubutu kumsaidia. Kisha mzigo ukainuka. Leota aliliona jibu likitokea machoni mwake, likatulia. "Tate alikufa," Orrin akasema. "Ni lile lori."

"Ndiyo, Orrin."

"Na wewe ulisema amepita."

"Nilisema."

"Kwenye redio. Watu wanasikia."

"Nilitaka tushuke. Theluji ilikuwa..."

"Theluji!" Sauti ilikuwa yake ya zamani, ile iliyowanyamazisha vijana wenye magurudumu makubwa. "Ungenitoa kwenye kiti kwa nguvu. Ungemwita Merle mnifunge kamba. Mkia hasemi amepita ambaye hajapita, Leota. Leo umesema kwa kunihurumia mimi, kesho utasema kwa kuchoka, na mtu ataachwa mlimani. Kifungue kitambaa."

Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, na fundo lilikuwa la miaka, lakini alilifungua. Akampa. Orrin akakikunja mara mbili akakishika. Kule kwenye nyasi watu walikuwa wanasikia kila neno, na Leota, ambaye asubuhi angekufa kwa aibu, hakuwa na aibu hata chembe. Alikuwa na furaha. Machozi yalikuwa yanamwagika, na alikuwa na furaha, kwa sababu huyu aliyekuwa anamgombeza alikuwa mumewe, mzima, kamili, mwenye haki kama siku alipomuoa. Alijua hatagombezwa na mtu huyu tena. Alitamani amgombeze mpaka waote mizizi pale.

"Una la kusema?" Orrin akauliza.

"Nimekosa."

"Umekosa," Orrin akakubali. "Usirudie."

"Sirudii."

Akatikisa kichwa kukubali, shauri limekwisha. Wakasimama. Mvua ilikuwa inapiga nyasi taratibu, na upande wa miti kulungu mmoja alilia. Leota alimwona mumewe anakitazama kitambaa mkononi, anakigeuza, anakitazama tena. Alikiona kile kitu machoni mwake kikianza kuondoka, polepole, na hakuwa na la kufanya wala pa kukishikia.

"Leota," Orrin akasema baada ya muda. Sauti ilikuwa laini. "Tunamsubiri nani hapa?"

Nyuma yao Darla alifanya kama anataka kuja, Merle akamzuia kwa mkono.

Jibu la kila siku lilikuwa tayari mdomoni mwa Leota. Alilimeza.

"Tate," alisema.

"Anakuja?"

"Hapana, mzee wangu. Tate alikufa. Haji."

Alijiandaa kwa kilio. Orrin alishusha kichwa, na mabega yake yakatetemeka mara moja, basi. Alipanguza uso kwa kile kitambaa chekundu. Kisha akanyoosha mkono bila kutazama, akautafuta wa mkewe, akaupata.

"Tusubiri kidogo hata hivyo," alisema.

Leota akasogea karibu naye, wakasimama wakiitazama njia.